Uunsi ya Weris

2 Oktoba
Daktari amenipa hii daftari. Akasema, "Mzee Abdiwali, asubuhi na jioni puliza kwa hii bomba, uandike namba. Ukipenda andika pia siku ilivyokwenda." Maskini, hajui amefanya nini. Kumwambia Abdiwali Afdheer aandike akipenda ni kama kufungulia ngamia mlango wa duka la unga. Afdheer ni jina nilipewa soko ya mifugo, maana yake mdomo mrefu. Nilikuwa dalali miaka arobaini, na mbuzi nikiisifu mimi ilikuwa inanenepa papo hapo watu wakiangalia.

Shule sikuenda hata siku moja, isipokuwa kupeleka maziwa kwa mwalimu. Herufi nilijifunza kwa gumbaru, darasa ya watu wazima, miezi miwili, mpaka yule mwalimu akahama Garissa. Watu wanasema alipata uhamisho. Mimi najua alichoka kufundishwa na mwanafunzi. Kwa hivyo kuandika kwangu ni Kiswahili tu, Kisomali niko nacho kwa mdomo. Na bibi yangu Weris, Kiswahili anaongea vizuri kwa kuuza sokoni, lakini herufi hajui hata moja. Hiyo ni muhimu. Hii daftari ni ya mimi na daktari.

3 Oktoba
Asubuhi 220. Jioni sijapuliza, niliongea sana.

Wacha nieleze ilivyoanza. Tangu Ramadhani kifua inapiga filimbi alfajiri. Nikipanda ngazi tatu za msikiti nasimama kama mtu anasoma tangazo. Majirani wa mtaa wetu Waberi wote wakawa madaktari. Mmoja akasema ni uzee. Mwingine akasema ni tibii, na siku hiyo hiyo kikombe yangu ya chai kwa hoteli ikawekwa peke yake dirishani. Nikapimwa makohozi mara mbili, safi. Nikapimwa moyo, ukapiga vizuri kama moyo wa kijana mwizi. Basi wakasema tena ni uzee, nikapewa dawa ya kikohozi, nikarudi nyumbani nikipiga filimbi.

Halafu nikampata huyu daktari, binti wa Mwingi, kwa ile zahanati ndogo. Amejifunza maneno matano ya Kisomali, akanitumia yote mara moja. Akauliza, "Adeer, neef?" Adeer ni baba mdogo, kwa heshima. Sasa kwetu neef ni pumzi, na neef ni mnyama pia, mmoja wa kuhesabu. Dalali akiulizwa neef atajibu nini? Nikasema, "Sitini."

Akaruka. "Sitini kwa dakika moja?"

"Hapana, zote pamoja. Zilikuwa sabini, ukame ikakula kumi."

Tayari alikuwa ameita mtu wa oksijeni. Tulicheka mpaka nikakohoa, na nilipokohoa yeye akawacha kucheka. Akanipulizisha ile bomba: 210. Akachukua chupa ya maji, ametoboa tundu nyuma, akaingiza pampu ya dawa, ya bluu, kwa ile tundu, mimi nikavuta pole pole kwa mdomo wa chupa. Anasema mikono ya wazee na pumzi yao hazipatani saa, chupa inashika dawa mpaka wavute. Tukakaa robo saa, nikapuliza tena: 290.

"Umeona?" akasema. "Mapafu yamefunguka na dawa. Hii ni pumu."

"Pumu ni ya watoto."

"Inaweza kuanza hata na miaka yako. Wazee wengi wanaambiwa ni uzee, wanakaa nayo bila dawa."

Nikapewa pampu mbili. Ya bluu ni ya haraka, kifua ikifunga. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata nikiwa mzima kama simba, na baada yake nisuuze mdomo. Halafu akauliza, "Nyumbani kuna moshi?"

Nikasema hakuna.

4 Oktoba
230. Hapo kwa moshi nilidanganya. Naandika hapa, siku moja nitamwonyesha. Siyo leo.

Moshi iko, na jina yake ni uunsi. Weris anachanganya ubani, sukari na manukato kumi na moja ambayo hata mimi mume wake sijaambiwa. Alifundishwa na mama yake. Kuanzia Liboi ya mpakani mpaka kambi ya Dagahaley, bibi arusi akiwa hana uunsi ya Weris, watu wanauliza kama hiyo ni arusi ama mkutano wa chifu. Kila jioni kabla ya Maghrib anaweka makaa kwa dabqaad, ile chetezo yake ya udongo, anarusha uunsi, nyumba inajaa. Mwaka nilimwoa nilikuwa narudi kutoka mpakani na ngamia mia mbili. Nikanusa ile harufu nikiwa mbali siku mbili. Ngamia walinusa pia, wakakataa njia ingine. Nilifuata pua yangu mpaka kwa hema ya baba yake. Weris anasema nilikuwa na ngamia sita na nilikuwa nimepotea. Mwanamke hajui kusimulia.

Sasa nimwambie nini? Kwamba ile kitu ilinileta kwake ndiyo inanifunga kifua? Simba nimemkimbiza. Hiyo maneno siwezi.

7 Oktoba
240. Nimepata akili. Dabqaad ikianza, mimi natoka. Namwambia naenda msikiti mapema.

10 Oktoba
Mawingu. Hakuna mvua.

13 Oktoba
Nikiwa mzima, pampu ya kahawia naiwacha. Kumnywesha ngamia ameshiba ni kupoteza maji. Ya bluu ndiyo dawa ya wanaume, unasikia kazi yake.

18 Oktoba
210 asubuhi. Nimeandika 210 hapa kwa penseli, lakini kwa ile kurasa ya namba ya daktari nimeandika 450.

Wacha nijitetee. Kwa soko yetu bei haitajwi. Mnashikana mikono chini ya shuka, vidole vinaongea, aliyesimama karibu hasikii kitu. Miaka arobaini namba ya kweli haijatoka kwa mdomo yangu. Sasa binti wa Mwingi anataka niiandike kwa wino? Na nikiandika 210 atauliza tena mambo ya moshi. Nikiandika 450 atafurahi, atanyamaza.

22 Oktoba
Mvua ya kwanza ya deyr, vuli yetu! Watoto walitoka uchi barabarani. Mimi pia ningetoka. Kwa daktari 470.

25 Oktoba
Weris ameniuliza, "Kila jioni unaenda wapi?"

"Msikiti."

"Msikiti imehamia nyuma ya tangi ya maji? Yurub amekuona umesimama huko unaongea na simu."

Yurub ni dada yake, nyumba yetu na yake zinagusana ukuta. Huyu mwanamke angekuwa polisi wa mpaka, hata nzi haingevuka. Ni kweli napigia daktari simu huko nyuma, nampa namba. Leo nilimwambia 480. Akasema, "Vizuri sana mzee, endelea hivyo hivyo, tutaonana katikati ya mwezi ujao." Nimwambie Weris naongea na nani? Atauliza daktari alisema nini. Nikamwambia ilikuwa mtu wa mbuzi.

"Mtu wa mbuzi ana sauti ya msichana?"

Nikakohoa. Kikohozi siku zingine inasaidia.

26 Oktoba
Jioni Weris ameweka uunsi mara mbili ya kawaida. Sijui ni sikukuu gani.

29 Oktoba
Mvua. Madirisha yote yamefungwa. Uunsi tena. 200.

31 Oktoba
Uunsi asubuhi pia! Nimeuliza kwa nini, akasema, "Mume akae nyumbani." Amevaa dirac, ile gauni nyepesi alivaa kwa arusi ya binti yetu. Amepaka hina mpaka kwa kiwiko. Nimemwambia amependeza, halafu nikakimbia nje kuvuta hewa. Hakufurahi.

4 Novemba
190. Kwa daktari 500.

6 Novemba
Nilikuwa nasuuza mdomo nje, maana leo nimevuta ile ya kahawia, nikaona macho mbili juu ya ukuta. Yurub. Jioni nikasikia wanaongea jikoni. Yurub anasema, "Anasuuza mdomo jioni! Mzee wa miaka sitini na tisa anasuuza mdomo, halafu anatoka. Kwa nani?"

Weris hakujibu. Nilingoja ajibu. Weris akinyamaza, hata kuku zinatafuta mahali pa kujificha.

9 Novemba
Hakuna kitu. Mvua, uunsi, mvua. Naongea nusu ya hadithi pumzi inakwisha, Kulow, kijana jirani wa tuktuk, anamalizia. Anamalizia vibaya.

11 Novemba
Ya bluu nimevuta mara nane leo. Imekuwa kama mate. Usiku nalala nimekaa, mgongo kwa ukuta. Weris amelala akinipa mgongo. Nimetazama ule mgongo muda mrefu. Nikitoka ananuna. Nikikaa ndani siwezi kupumua. Simba alikuwa rahisi, simba ana upande mmoja wa kukimbilia.

17 Novemba
Naandika kutoka kitanda ya hospitali, mkono unatetemeka kidogo kwa dawa, siyo uoga.

Ilikuwa jana, Ijumaa. Mvua ilianza baada ya swala ya mchana, kubwa, ile inapiga mabati mpaka unasahau jina yako. Kwenda nje haiwezekani. Nikaingia, nikakuta Weris ameweka dabqaad mbili. Moja kwa mlango, moja kwa dirisha, kama mtu anazuia jeshi. Amekaa katikati, amependeza, macho makali.

Akasema, "Leo huendi."

Nikataka kusema jambo. Nilikuwa na jambo nzuri sana ya kuchekesha, naikumbuka mpaka sasa. Nikafungua mdomo na haikutoka. Hewa haikuingia wala haikutoka. Nikavuta pampu ya bluu, moja, mbili, tano. Haikufanya kitu. Nikaona vidole vyangu vimebadilika rangi.

Weris alifikiri ni maigizo. Si kosa lake, mimi nimekufa mbele ya watu mara nyingi kwa kuchekesha. Alisema, "Waryaa, wewe, inuka." Halafu akaniangalia tena, na nikaona uso wake umebadilika. Akapiga ukelele. Akazirusha zile dabqaad nje kwa mvua kwa mikono mitupu, makaa na yote. Yurub akaja, Kulow akaja na tuktuk, nikabebwa kama gunia. Mimi, nilibeba ndama wa ngamia kutoka Liboi kwa mabega.

Na Weris akachukua kitu moja tu kutoka nyumbani. Hii daftari.

Nilijua baadaye kwa nini. Hospitali waliniwekea oksijeni, mvuke wa dawa, sindano. Daktari wangu wa Mwingi alikuja, alipigiwa na Kulow. Nikaanza kuona watu vizuri karibu na Maghrib. Weris alikuwa amesimama mbele yake, viganja vimefungwa bandeji, anamwonyesha daftari.

"Wewe unasoma Kiswahili," alisema. "Nisomee jina ya huyo mwanamke."

"Mwanamke gani, mama?"

"Yule anaandikiwa hapa kila siku. Anapigiwa simu nyuma ya tangi. Anasuuziwa mdomo. Nataka kujua jina yake kabla huyu mzee afe, nijue nani nitamkataza matanga."

Nikajaribu kusema kitu. Nilikuwa na ile kifuniko ya oksijeni. Nikatikisa mkono. Weris akasema, "Wewe nyamaza," na kwa mara ya kwanza kwa ndoa yetu nikanyamaza.

Daktari akafungua. Akaanza kusoma kwa sauti, pole pole. Mambo ya gumbaru, mambo ya sitini. Yurub akacheka, Weris hakucheka. Akafika kwa moshi. Kwa uunsi. Kwa harufu ya siku mbili na hema ya baba yake. Hapo sauti ya daktari ilishuka, lakini Weris akamwambia, "Soma." Akasoma mpaka 210 na 450. Daktari akasimama, akafungua ile kurasa ya wino, akarudi kwa penseli, akaenda tena kwa wino.

"Mzee," akasema. "Hizi namba nilizoandikiwa ni za uongo?"

Nikainua vidole viwili, yaani kidogo.

"Kwa hizi namba mimi nilifikiri dawa inafanya kazi. Ningejua ni 200 ningekuita siku hiyo hiyo." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Nilikuambia endelea hivyo hivyo. Mimi nilikuambia."

Nilimwona anataka kulia, mtoto wa watu. Nimewadanganya wanunuzi elfu moja na sikuwahi kuona aibu. Jana nimeona.

Weris alikaa kwa kiti. Halafu akasema kwa Kisomali, "Kwa hivyo mwezi mzima nimevaa dirac, nimejipaka hina, nimechoma uunsi ya arusi tatu, nikupokonye kutoka kwa mwanamke. Na huyo mwanamke ni hii uunsi yenyewe."

Nikaondoa kifuniko kidogo. "Alikuwa mrembo," nikasema.

Akanipiga kwa bandeji. Halafu akalia. Halafu Yurub akalia, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

18 Novemba
260, imeshuhudiwa na nesi.

20 Novemba
Nimerudi Waberi. Daktari amebadilisha nguvu ya pampu ya kahawia, na amenieleza tena kama mtoto. Ya bluu inafungua mlango. Ya kahawia inapoza uvimbe ndani, siku kwa siku, husikii kazi yake, lakini ukiiwacha mlango unafunga tena. Ya bluu ikifika zaidi ya mara mbili kwa wiki nimpigie. Chini ya 200 nije mbio. Ameandika kwa karatasi, rangi tatu, kijani, manjano, nyekundu. Weris ameibandika kwa mlango ambapo hata mwizi ataiona.

Nimemuuliza Weris kwa nini hakuniuliza tu kama kuna mwanamke. Akasema, "Na wewe kwa nini hukusema tu ni moshi?"

23 Novemba
280. Nyumba haina harufu. Inanuka kama ofisi. Weris anatembea ndani kama mtu amepoteza kitu.

26 Novemba
Viganja vyake vimepona kidogo. Nimemwambia asiwache kazi ya mama yake kwa sababu yangu. Akasema, "Nani alikuambia naiwacha? Unajipenda sana." Amehamishia makaa na masufuria yote kwa uwanja wa Yurub, upande ule upepo unatoka kwetu. Nguo alizofanyia kazi anaacha huko. Yurub sasa ananuka kama bibi arusi na hakuna mtu wa kumwoa.

30 Novemba
310. Weris anasoma namba mwenyewe kwa bomba. Herufi hajui lakini namba, simu imemfundisha. Nikasema 350, akasema, "Rudia, mdanganyifu." Nikarudia. 310.

3 Desemba
Nimeenda msikiti kwa miguu. Ngazi tatu bila tangazo. Ile hoteli imerudisha kikombe yangu pamoja na zingine. Mwenye hoteli akasema hakujua. Nikamwambia hata mimi sikujua.

7 Desemba
330. Kulow amekuja na baba yake, mzee Nunow, ambaye anapiga filimbi usiku miaka minne na wote wanasema ni uzee. Nikamwonyesha chupa yangu, jinsi ya kuvuta pole pole. Sikumpa pampu yangu, daktari amenikataza. Nikamwambia Kulow ampeleke kesho. Na nikamwambia mzee, akiulizwa namba, aseme ile ya kweli. Kulow alinitazama kama nimebadilisha dini.

12 Desemba
Daktari amenipulizisha mwenyewe: 370. Akaniambia, "Sasa hii nimeiona kwa macho yangu." Bado ananichunguza kidogo. Ni haki yake.

15 Desemba
Mvua imekwisha. Vumbi haijaanza. Hii ndiyo wiki nzuri kuliko zote Garissa, lakini usimwambie mtu wa Nairobi, atakuja.

20 Desemba
Dagahaley. Weris alikuwa na uunsi ya arusi mbili ya kupeleka, mikebe imefungwa sawasawa, na Yurub, ambaye humsindikiza, anaumwa jino. Weris akasema atapanga na mtu mwingine. Nikasema nitakwenda naye mimi. Akaangalia karatasi ya mlangoni. Kijani. Asubuhi 380, amesoma yeye. Nikavuta ya kahawia, nikasuuza mdomo mbele yake na mbele ya ukuta, watu wote waone. Ya bluu mfukoni, chupa kwa kikapu.

Tulishuka stendi, na kutoka pale mpaka kwa duka za wanawake ni mbali, mchanga laini, jua imeshapanda. Nikabeba mikebe mimi. Nikaanza kumsimulia ile ya fisi wa Liboi, ambayo ni ndefu na ina fisi kumi na tatu. Nilisimulia nikitembea. Sikufikiri juu ya kifua, nilifikiri juu ya fisi. Nikafika fisi wa tisa, nikaona naongea peke yangu.

Nikageuka. Weris alikuwa nyuma sana, amesimama, mkono kiunoni, mtandio umeshuka, anahema.

"Waryaa Abdiwali!" akaita. "Ngoja basi! Unakimbizwa na nani?"

Nikaweka mikebe chini kwa mchanga. Nikamngojea mpaka akafika.